Soli Mbili za Osmarino

Elkanah Mukhwana hajui kusoma Kiarabu, na Kiingereza chake ni cha kujazia fomu, lakini geuza kiatu cha mpira chali mbele yake na atakusomea mwenye kiatu mwanzo hadi mwisho. Huyu ni mvivu wa kurudi nyuma. Huyu hugeukia kulia kila akibanwa. Huyu jana hakulala. Hilo la usingizi anatia chumvi tu, lakini mengine huwa kweli, na wachezaji wa klabu anayofanyia kazi huko Jeddah wanalijua hilo. Mwenye siri hapendi kuona kiatu chake kimekaa mkononi mwa Elkanah muda mrefu.

Kwenye ikama yake, kile kibali cha ukaazi cha Saudia, ameandikwa mfanyakazi wa kawaida. Akipiga simu nyumbani Chwele husema yeye ni meneja wa vifaa, na sioni uongo mkubwa hapo, kwa sababu jezi, soksi, mipira na viatu vyote vya klabu hupita mikononi mwake. Anafua, anaanika, anapanga, na mazoezi yakiisha anakaa kwenye benchi lake dogo la mbao na ndoo, brashi, na spana ndogo ya kubadilishia meno ya viatu, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya soli ili mtu asiteleze kwenye nyasi.

Usomaji huo hakuuanzia kwenye viatu vya watu. Zamani Elkanah alikuwa mshambuliaji, tena wa kutisha, ukimsikiliza yeye. Alichezea timu ya kiwanda, akahamia ya polisi, akahamia ya wauza mbolea, na kila alikohamia aliahidiwa kazi ya kudumu ambayo haikudumu. Goti la kushoto lilipoanza kumsumbua alikuwa na miaka thelathini. Hakumwambia mtu. Lakini mzee aliyewatunzia viatu, Mzee Norman, aliona: kiatu cha kulia kimelika hadi meno yamebaki vishina, cha kushoto kama kimetoka dukani jana. Mguu mmoja ulikuwa ukifanya kazi ya miguu miwili. Elkanah akamsihi anyamaze hadi msimu uishe. Mzee Norman alimpenda, akanyamaza, na juu ya kunyamaza akawa anabadilisha meno ya kiatu cha kulia kila wiki ili kocha asigundue. Mechi ya sita, goti likakatika. Waliokuwa kwenye benchi wanasema walilisikia.

Hakucheza tena. Mpaka leo, akikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, hushuka ngazi mguu mmoja mmoja huku ameshikilia ukuta.

Miaka saba iliyopita alikuja Riyadh kupakia vigae kwenye ghala huko Al-Sulay. Siku za Ijumaa Wakenya wa maghala walicheza mpira kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya gereji za malori, na kwa kuwa Elkanah hakuweza kucheza, alijitwika kuwafulia jezi. Alizifua zikang'aa hadi Msudani mmoja, dereva wa basi la klabu ya daraja la pili, akasimamisha basi kuuliza anatumia sabuni gani. Alipojibiwa sabuni, akauliza jina. Baada ya miezi minne ya karatasi kutoka kwa kafili huyu, yaani mdhamini wa ajira, kwenda kwa yule, Elkanah akaviaga vigae bila machozi.

Alikuwa na mwaka mzima kwenye klabu hiyo wakati Osmarino aliposhuka kutoka uwanja wa ndege na sanduku moja. Mbrazili, mshambuliaji, miaka thelathini na mitano, mvi mbili tatu kwenye ndevu, na klabu kumi na tatu nyuma yake. Wachezaji wengine walitupa viatu kwenye kapu na kwenda zao. Huyu alivileta mwenyewe, akavuta ndoo iliyopinduliwa, akakaa kando ya Elkanah hadi vikaisha kupigwa brashi. Kesho yake tena. Elkanah alidhani jamaa haamini kazi yake, akanuna siku tatu nzima. Kumbe ndivyo alivyozoea. Tangu utotoni, alisema, alipenda kukaa na mtu anayeosha viatu kwa sababu ndiye pekee kwenye klabu asiyetaka chochote kutoka kwake.

Walikuwa na lugha yao: Kiarabu cha madereva na mafundi, Kiingereza kidogo, na mikono mingi. Osmarino alimwita sadiki, yaani rafiki, neno ambalo Riyadh huitiwa kila mfanyakazi ambaye hakuna aliyejisumbua kujua jina lake. Ila huyu jina alilijua, na la binti yake Ivy aliyebaki Chwele, na la mwalimu wa Ivy. Elkanah naye alimwita kapteni, ingawa kapteni wa timu alikuwa mwingine.

Habari za safari zake Elkanah alizipata kipande kwa kipande, siku kwa siku. Osmarino alizaliwa kwenye mji mdogo wa wachoma matofali huko Minas Gerais, milimani, mbali na bahari, akaanza kuchezea timu ya tanuri ambayo kocha wake alikuwa akija mazoezini na vumbi jekundu kichwani. Akiwa na miaka kumi na minane alinunuliwa na klabu kubwa ya mjini, akakalia benchi miaka miwili. Akaenda Ureno, daraja la pili. Akaenda Saiprasi. Akaenda Bulgaria, ambako asubuhi ya mechi yake ya kwanza aliona theluji dirishani, akaamini kwa moyo mweupe kwamba mechi haipo, akarudi kulala. Timu nzima ilikuja kumtoa kitandani. Korea Kusini alijifunza kumwinamia mwamuzi, hata siku aliyopewa kadi nyekundu. Vietnam alifunga mabao kumi na tisa, na mama mmoja akakipa kibanda chake cha tambi jina lake. Kisha Thailand, Oman, Kuwait.

Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kuitwa mambo yakienda mrama: anakuja Januari timu ikiwa mkiani, anafunga mabao yake kumi, timu haishuki daraja, Juni anaambiwa asante na kununuliwa tiketi ya ndege. Elkanah, aliyehamahama hivyo hivyo kwa mabasi ya mkoa, alimpenda kwa hilo kuliko angempenda bingwa.

Na kila alipoondoka, Osmarino aliacha kitu kilekile: jozi moja ya viatu kwa yule aliyemtunzia viatu. Jezi alimpa yeyote aliyeomba, lakini viatu vilikuwa na mwenyewe. Watu kumi na watatu duniani walikuwa navyo. "Wewe utakuwa wa kumi na nne," alimwambia Elkanah, "lakini usiombe iwe haraka."

Kilichowafunga kabisa ni chakula. Ijumaa moja Osmarino alimfuata Elkanah chumbani kwake kuchukua soksi, akakuta ugali umegeuzwa kwenye sahani na sukuma wiki imekatwa nyembamba, inanukia kitunguu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeona jini. Akauliza ni nani aliyemwambia. Elkanah hakujua anaulizwa nini. Osmarino akaketi sakafuni, akamega, akatafuna macho yamefumba, kisha akasema kwao kunaitwa angu, na majani hayo hukatwa hivyo hivyo, na mama yake alikipika chakula hicho kila Jumamosi mpaka alipokufa, mwanawe akiwa Korea. Alikula akamaliza hata cha Elkanah. Tangu siku hiyo kila Ijumaa sufuria iliwekwa ya watu wawili.

Baada ya misimu miwili, klabu moja ya Jeddah ilimtaka Osmarino kwa mwaka mmoja. Mchezaji wa umri ule kawaida huomba gari kubwa. Yeye alisema anakuja na mtu wake wa viatu au haji. Viongozi walicheka, kisha wakaona hatanii, na ikama ya Elkanah ikahamishiwa Jeddah. Ndivyo alivyoacha vumbi la Riyadh akaja kutokwa jasho kando ya bahari, na ndivyo riziki yake ilivyofungwa kwenye miguu ya mtu mwingine.

Msimu huo Osmarino alikuwa na haja moja tu. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Tainara, aliyeishi Minas na mama yake. Osmarino na mama huyo waliachana yeye akiwa Thailand. Mtoto huyo hakuwahi kumwona baba yake akicheza uwanjani hata mara moja. Kila baba alipokuwa, palikuwa mbali mno au msimu umeisha. Sasa mama mtu alikuwa amekubali. Mwezi wa tatu, shule zikiwa na mapumziko mafupi, watakuja Jeddah kutazama mechi ya nyumbani ya Jumamosi. Osmarino aliibandika tarehe ile ndani ya mlango wa kabati lake. Baada ya mechi hiyo, alisema, wanaweza kumwambia asante wapendavyo.

Mwezi wa kwanza, Elkanah alikuwa kwenye benchi lake, akageuza viatu vya Osmarino, na mkono wake ukasimama. Cha kulia kilikuwa kimelika hadi vishina. Cha kushoto kilikuwa kizima.

Osmarino, juu ya ndoo yake, hakuuliza ameona nini. "Mpaka mwezi wa tatu tu, sadiki," alisema. "Nakuomba."

Kocha wao, Mtunisia mmoja mkimya, alikuwa na tabia ya kupita chumba cha vifaa kila Alhamisi asubuhi na kugeuza viatu kimoja kimoja. Alikuwa beki zamani, na yeye pia alijua kusoma soli. Elkanah alijua kabisa anachoombwa. Jumatano ile akachukua spana, akafungua meno yaliyolika, akafunga mapya. Alhamisi kocha akapita, akageuza, akaridhika. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata. Elkanah alijiambia anamsaidia rafiki. Lakini kila alipokaza jino jipya aliiona mikono ya Mzee Norman.

Aliyemchokonoa hadi akasema alikuwa Rosebellah, binti wa ami yake, anayefanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko Al-Safa. Madam wake humruhusu kutoka Ijumaa alasiri, naye huenda Ghulail kununua unga wa mahindi na kumtafuta Elkanah amlishe. Walikuwa wamekaa kwenye mkahawa mdogo, zimebaki wiki mbili Tainara aje, na Elkanah hakuwa amegusa sahani.

"Baba Ivy, uko sawa kweli?" aliuliza Rosebellah. "Ama ni malaria imekufuata huku?"

Akamweleza yote. Rosebellah alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hebu niambie," alisema mwishowe. "Ule wakati ulikuwa umelala kwa nyumba ya mamako na mguu kwa mto, nani alikuwa anakuletea chai?"

"Ni wewe."

"Na ulikuwa unamsema nani kila asubuhi?"

Elkanah akaangalia sahani. "Mzee Norman."

"Ulikuwa unasema angekupenda kweli angekuuza kwa kocha. Hayo maneno ni yako, si yangu."

"Nikimuuza, mtoto anakuja bure. Miaka tisa, Rosebellah. Ni hiyo siku moja tu anataka."

"Na goti ikikatika huyo mtoto akiangalia?"

Elkanah akaisogeza sahani mbali.

"Na pia unaogopa kumwaga unga," akaongeza Rosebellah. "Yeye akienda, wewe watakuweka wapi?"

"Hiyo pia," alisema Elkanah.

"Sasa hapo umesema ukweli. Kula."

Jumatano moja ikapita tena, na Elkanah akafunga meno mapya tena, kwa sababu kuambiwa ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Kisha ikafika Jumatano ya wiki ya mechi. Mazoezini alikuwa ameona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: Osmarino ameruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu wa kulia peke yake, na kwa nukta moja akafumba macho. Alasiri Elkanah alikaa na kile kiatu mapajani na spana mkononi kwa muda mrefu sana. Halafu akairudisha spana kwenye kopo lake. Alipiga viatu brashi vikawa safi kabisa, akavipanga kwenye safu na vya wenzake, soli juu, na kile cha kulia akakiacha kama kilivyo.

Alhamisi kocha alikuja. Alipita safu nzima, akafika kwa Osmarino, akasimama. Alichukua kiatu cha kulia, akachukua cha kushoto, akaviweka soli kwa soli.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwezi wa kwanza."

"Kila wiki nimeviona vizuri."

"Nilikuwa nabadilisha meno, bosi."

Kocha alimtazama kwa muda ambao Elkanah alimaliza kufunga mizigo yote kichwani mwake na kuabiri ndege. Kisha akasema, "Halas," yaani basi, imekwisha, na kutoka na viatu vyote viwili mkononi.

Saa sita mchana daktari alikuwa na picha za goti. Ule mto laini wa gegedu unaotenganisha mifupa ulikuwa umechanika na kukunjika. Mruko mmoja mbaya ungetosha kummaliza. Upasuaji ulikuwa wa lazima, na msimu wake ulikuwa umekwisha.

Osmarino aliingia chumba cha vifaa akafunga mlango. Elkanah hakuwahi kumwona akiwa na hasira. Hata kadi nyekundu aliipokea kwa kuinama.

"Siku mbili," alisema. "Mtoto wangu anatua kesho. Nimezunguka dunia nzima na sijamwomba mtu kitu. Nilikuomba wewe, kitu kimoja."

Elkanah hakujitetea. Alikunja suruali ya mguu wa kushoto hadi juu ya goti, akaonyesha kovu, na lile goti lenyewe lililovimba upande. Osmarino aliwahi kusikia kwamba alikuwa mchezaji. Hakuwahi kuonyeshwa.

"Binti yangu Ivy alikuwa na miezi minane hili lilipokatika," alisema Elkanah. "Alipojua kukimbia, siku moja alichomoka mlangoni akaelekea barabarani. Anacheka, kapteni. Alidhani nitamfukuza, tucheze. Mimi nilibaki mlangoni napiga kelele. Lori lilikuwa linakuja. Jirani ndiye alimdaka. Tangu siku hiyo hakunitaka tena nimfukuze. Akawa anakimbizana na huyo jirani."

Alifuta uso kwa taulo la kufutia viatu.

"Wewe unataka akuone ukikimbia dakika tisini," alisema. "Mimi nataka ukimbie naye miaka."

Osmarino akafungua mlango akaondoka.

Jumamosi jioni timu ilicheza bila yeye, ikatoka sare. Akiwa kando ya uwanja na chupa za maji, Elkanah aliwaona jukwaani: Osmarino amevaa kanzu nyeupe kama mwenyeji, mtoto mwembamba mwenye nywele nyingi ameketi kando yake, mama upande wa pili. Mtoto aliuliza kitu, baba akamwonyesha mahali fulani kwenye nyasi, pengine mahali ambapo angekuwa amesimama. Elkanah aliinamisha kichwa akapanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Klabu haikumfukuza. Alipewa barua ya onyo kwa Kiarabu, akaitia sahihi bila kujua imesema nini, na kocha akamwambia arudi kwenye benchi lake. Osmarino alipasuliwa wiki iliyofuata, na mwezi wa tano akaondoka kwenda kwao akitembea na mkongojo mmoja. Aliaga timu, aliaga daktari, aliaga hata mlinzi wa geti. Elkanah siku hiyo alikuwa ametumwa kuchukua mipira, na aliporudi kabati lilikuwa tupu. Alitazama chini ya benchi lake. Akatazama kwenye kapu, juu ya rafu, nyuma ya mashine ya kufulia. Hapakuwa na viatu.

Watu kumi na watatu duniani walipewa, na yeye hakupewa. Lilimuuma, wala hakujifanya halimuumi. Ijumaa alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akaulaza mwingine kwenye jokofu, na Rosebellah alipomuuliza kwenye simu akasema yuko sawa kwa sauti ya mtu asiye sawa.

Ikapita miezi sita. Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, akiwa na brashi mkononi, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa video kutoka namba ya Brazili.

Aliyeshika simu hakuonekana, ila kwa sauti alikuwa mwanamke, na anacheka. Palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, matofali mabichi yamepangwa pembeni yakauke. Tainara alikuwa anakimbia huku anapiga mayowe, nywele zimesimama, na nyuma yake Osmarino anamfukuza, mnene kidogo sasa, anahema, anamkosa, anageuka ghafla kwa mguu wa kushoto, anamkosa tena. Mwishowe akamdaka kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Alikuwa amevaa vile viatu. Vilevile alivyovibeba kocha.

Kisha akaketi, akamwita mwenye simu asogee. Akainua miguu yote miwili mbele ya kamera, soli juu, kama vile viatu vinavyopangwa Alhamisi.

"Soma, sadiki," alisema.

Elkanah aliikuza picha kwa vidole viwili. Alianza na cha kulia, jino kwa jino, akaenda cha kushoto, akarudi cha kulia. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia kila mahali na meno yote, yaliyofungwa mapya baada ya yale ya Jeddah, yalikuwa yamelika vibaya, na yamelika sawasawa, kulia na kushoto.

Alilia waziwazi pale kwenye benchi, mbele ya beki wa kulia aliyekuja kudai soksi. Alipoweza kuona tena, alimwandikia Osmarino neno moja, "Zimelingana," kwa Kiswahili, aende akatafute mwenyewe wa kumtafsiria. Kisha akampigia Ivy.